Tumbo la Sauti

Nilisema natafuta pikapu.
Kijana mmoja wa Mwembe Tayari akanishika mkono,
akanionyesha Toyota nyeupe, bodi imechomelewa upya:
"Hii yabeba tani na nusu, mjomba."
Nikafungua begi, nikamwonyesha gita.
Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.
"Basi wamtaka Bi Mwanakombo.
Ghorofa ya pili, mlango wenye nyaya."

Nilikuwa na elfu sita na mia nne,
na pengo.
Shebwana, mpiga besi wetu, ameruka Doha kulinda ghala.
Tangu Shaabani tumebaki watatu,
na harusini, nikigonga uzi wa sita,
sauti yatoka nyepesi kama chai ya mgeni wa nne.
Kina mama wa Kisauni hawasemi neno.
Wanaketi tu.
Kiuno kina masikio yake.

Bi Mwanakombo hakuniuliza jina.
Alichomeka waya, akaupiga uzi kwa ukucha,
akasikiliza ameinamisha kichwa
kama mtu anayetikisa nazi sokoni.
"Wataka tumbo," akasema. "Hili lako ni mdomo mtupu."

Akaweka mbili mezani, juu ya gazeti.
Ya kwanza mpya, bado imo ndani ya plastiki,
sumaku ya seramiki, koili mbili,
waya umejazwa hadi ukingoni.
Ya pili haina hata jina.
Sumaku yake ya zamani, haivuti msumari kwa pupa,
na waya mwembamba kuliko unywele
ameuzungusha mwenyewe, mizunguko elfu tano kila upande,
akihesabu kwa mita ya maji iliyokufa.

Nilichagua kwa macho, ndivyo nilivyo.
Tukaifunga ile mpya.
Lo, ilinguruma!
Mlango wa mabati ukatetemeka, kikombe kikahama,
nami nikatabasamu kama mwenye nyumba.
"Sasa piga chodi."
Nikapiga. Nyuzi zote zikakimbilia mlango mmoja
zikakwama hapo, usijue yupi ni yupi.
"Uji," akasema. "Uji nao wajaza tumbo,
lakini hautafunwi."

Akaichomoa bila kunitazama. Nikanusa risasi ya kulehemu
na vitunguu vya jirani.
Ile isiyo na jina akaiweka karibu na shingo.
Darajani, akasema, uzi umekazwa, hauna pa kuchekea.
Kisha bisibisi: nusu mzunguko, akaishusha
upande wa nyuzi nene.
"Usiibane. Sumaku ikisogea sana,
uzi wakabwa koo."

Nikagonga uzi wa sita.
Haukupiga kelele.
Ulikuja kwa chini, mviringo,
ukapita kwenye mbao za kiti, ukanigusa goti,
na juu yake nikazisikia nyuzi nyingine,
mmoja mmoja, kila mmoja na mwendo wake.
Kikombe hakikuhama.
Kahawa iliyokuwemo ndiyo iliyochora duara.

Alichukua elfu nne na mia nane,
akakataa ya soda,
akataka tu ile pikapu tuliyoing'oa.
"Nina kijana Majengo," akasema, "ana tumbo tele.
Yeye atafuta mdomo."

Usiku nikamtumia Shebwana sauti ya dakika moja.
Nilisahau kwamba simu haina tumbo.
Kule Doha, kwenye kitanda cha juu cha chumba cha watu wanane,
kilichomfikia ni nusu ya nilichopeleka.
Akajibu baada ya zamu, saa kumi alfajiri,
kwa kunong'ona, wenziwe wamelala:

"Hiyo besi siisikii hata chembe.
Lakini mbona umeanza
kuniachia nafasi?"